Mume Wangu Ashuke Baiskeli kwa Adabu

Kwako Kocha wa klabu ya kuogelea, baiskeli na mbio,

Pokea salamu za heshima. Mimi ni fundi cherehani, mke wa yule mwanafunzi wako mrefu mwenye kipara. Nakuandikia kwa moyo mkunjufu, ingawa nimekasirika.

1. Ulimshauri afanyie mazoezi ya baiskeli nyumbani, asisumbuliwe na magari. Akaifunga kwenye stendi ya chuma sebuleni, kati ya kochi na cherehani yangu. Tangu hapo anakanyaga jioni nzima, jasho linachuruzika mkekani, na akishuka yuko palepale alipopandia. Nikimtuma chumvi dukani, anasema amechoka na safari.

2. Ulimfundisha kwamba mlima hupandwa kwa kusimama juu ya pedali. Sebule yetu haina mlima, Kocha. Hata hivyo, mama yangu mzazi alipokuja kututembelea, mkwewe aliinuka katikati ya maamkizi, na ile kaptula ya kubana, akaanza kupanda. Mama alitazama dari mpaka mlima ulipoisha.

3. Ulisema ajizoeze kula bila kushuka. Sasa chakula cha jioni namkabidhi kama mtu anayepita, naye hapiti popote.

4. Hili ndilo linaloniumiza. Ulimwagiza akishuka tu kwenye baiskeli atoke mbio papo hapo, ili miguu izoee kubadili kazi. Kwa hiyo kila jioni mlango wetu unafunguka kwa kishindo, mume wangu anachomoka pekupeku, viatu mkononi, macho yamemtoka. Nami natoka nyuma yake kumwambia afunge mlango, nikiwa na mkasi, maana ndiyo saa yangu ya kukata vitambaa. Majirani wameshaamua. Mama wa ghorofa ya juu aliniita pembeni, akanisihi nimhurumie baba wa watu. Mwenye duka alimficha nyuma ya magunia ya mchele. Wateja wanakuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavishona. Sijawahi kumpiga hata kibao, Kocha, na jina langu limechafuka mtaa mzima. Nimelia.

Kwa hiyo naomba mchezo wenyewe upangwe upya: watu wakimbie kwanza, ndipo wapande baiskeli. Majirani wamwone mume wangu akikimbilia kwa mkewe. Waandaaji wa mashindano wakikataa, waeleze kwamba ndoa ya watu iko hatarini. Kuogelea kuwekeni mnapotaka, sina ugomvi na maji.

Nisalimie wanaklabu wote, waogeleaji kwa wakimbiaji, na mkeo pia, umpe pole.

Ni mimi, nikingoja kwa subira inayopungua,
Fundi Cherehani

Nyongeza, wiki mbili baadaye, barua ikiwa bado haijatumwa: Samahani kwa mwandiko unaoruka hapa, naandika nikiwa juu ya baiskeli. Nilipanda wiki iliyopita nijue anachokifuata huko juu, na sasa milima naipanda vizuri. Utaratibu uache kama ulivyo, ila mwamuru mume wangu tupeane zamu. Leo aligoma kushuka, nikamtoa mbio kwelikweli, na safari hii majirani hawajanisingizia.