Gichuru Arudi Juu ya Farasi

Jumanne, 1 Agosti 2006

Nimemwona Arjun gazetini. Ukurasa wa michezo. Amekaa juu ya farasi mweusi, kikombe mkononi. Tumbo hana. Nywele anazo. Na tuna umri mmoja!

Tulifundishwa kupanda farasi pamoja kwenye klabu ya kule Karen tukiwa vijana. Nilikuwa nikimshinda karibu kila wiki. Kisha mwaka wa themanini na sita nikaanguka, nikavunjika mtulinga, ule mfupa wa begani. Mke wangu Waithera alikuwa na mimba ya Wangui. Alikuja hospitalini akalia, akasema imetosha. Nikaacha. Tangu hapo nauza vitambaa vya mapazia Mtaa wa Biashara. Kazi nzuri. Lakini pazia haliruki kiunzi.

Nimepiga simu klabuni. Tarehe ishirini na sita kuna mashindano ya kuruka viunzi, na kundi la waliopita miaka arobaini lipo. Arjun amejiandikisha. Sasa na mimi pia.

Waithera hatajua. Nimemwambia nimejiunga na kwaya ya kanisa, mazoezi kila Jumamosi. Amefurahi sana. Sikutarajia afurahi kiasi hicho.

Jumamosi, 5 Agosti

Klabuni. Mwalimu anaitwa Hannah. Mama mfupi, sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Aliuliza nimekaa muda gani bila kupanda. Nikajibu kitambo kidogo. Akaitazama suruali yangu ya zamani ya kupandia, iliyofungwa kiunoni kwa pini, akasema basi ataniletea Meja.

Meja ni farasi mzee wa kijivu. Mpole kama kochi. Mara ya kwanza nilijirusha kwa nguvu mno, nikapitiliza na kushukia upande wa pili. Mara ya pili tandiko lilizunguka nami hadi chini ya tumbo lake. Meja hakushtuka. Aliendelea kula nyasi.

Mara ya tatu nikakaa. Masikio mawili mbele yangu. Mgongo mpana unaopumua chini yangu. Tulizunguka uwanja polepole, na kwa muda huo wote sikukumbuka pazia hata moja. Nilikuwa nimesahau kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa.

Nitamshinda Arjun. Hilo limekwisha.

Jumapili, 6 Agosti

Balaa. Waithera amemwambia mchungaji. Mchungaji akasimama mbele ya watu wote akaniita nikaimbe ubeti mmoja peke yangu.

Nikashika koo. Nikanong'ona kwamba sauti imepotea mazoezini. Watu wakaguna kwa huruma. Kufika nyumbani, Waithera akanichemshia tangawizi, ndimu na vitunguu saumu, akasimama hapo mpaka nikamaliza sufuria.

Natembea kama mtu aliyebana pipa katikati ya magoti. Ameuliza kwa nini. Nimesema waimbaji wa sauti ya chini husimama sana.

Jumatano, 9 Agosti

Jumamosi moja kwa wiki haitoshi. Mwili unahitaji mazoezi. Hapa Kinoo hakuna farasi, ila jirani yangu Mzee Wachira ana punda wa kubebea maji. Nimemwambia nafikiria kununua punda, naomba nimjaribu kwanza. Akauliza mzigo uko wapi. Nikamwambia mzigo ni mimi.

Nilipanga madumu mawili nyuma ya nyumba, nikalaza ufagio juu yake. Kiunzi kizuri. Punda alikitazama, akageuka, akatoka langoni nami mgongoni hadi barabarani. Akasimama kwenye meza ya muuza mboga na kuanza kula sukuma wiki. Sikuweza kumgeuza wala kushuka. Mteja pale alikuwa Mama Ndegwa wa kwaya. Alinisalimia kwa heshima zote, kisha akauliza mbona kwayani hawajaniona bado. Nikamwambia sisi wa sauti ya chini tuna siku yetu.

Akasema hilo hakulijua. Nikasema ni jambo jipya.

Jumamosi, 19 Agosti

Arjun alikuwepo leo. Aliponiona alishuka, akanikumbatia, akasema amekuwa akiulizia habari zangu miaka mingi. Ujanja huo. Anataka nilegee.

Anaruka vizuri. Ukweli usemwe. Mimi na Meja tumeangusha viunzi vitatu, na kimoja tulikizunguka tu.

Arjun akanieleza kwamba yeye na mkewe Ishita wamehamia nyumba mpya Kilimani, madirisha yako uchi. Akataja pia kwamba Ijumaa, siku moja kabla ya mashindano, uwanja utakuwa wazi kwa mazoezi.

Wazo likanijia hapo hapo. Nikamwambia nina vitambaa vipya kabisa, lakini Ijumaa mchana ndiyo siku pekee ya kuvichagua kabla havijaisha. Akashukuru. Nitamwagiza Muli, msaidizi wangu dukani, amfungulie kila jora asiondoke kabla ya magharibi. Uwanja utakuwa wangu peke yangu.

Ijumaa, 25 Agosti

Mpango umekwenda sawasawa. Arjun hakuonekana uwanjani. Meja ameruka vyote isipokuwa cha mwisho. Hannah amesema kuna maendeleo. Neno hilo hajawahi kulitumia kwangu.

Jioni nimefika nyumbani nikamkuta Waithera jikoni. Amepika njahi, yale maharagwe meusi, chakula changu cha sikukuu. Nikaogopa. Akasema Muli alipiga simu asubuhi, jino linamuuma, kwa hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyeshinda dukani. Akasema alikuja bwana mmoja mwungwana sana, Arjun, na mke wake, wakachukua mapazia ya nyumba nzima. Wananisalimia.

Nikauliza walizungumza nini kingine.

Akasema rangi.

Jumamosi, 26 Agosti

Nimeingia uwanjani na kitu cha kwanza nilichoona ni kofia ya Waithera ya kanisani. Jukwaani, mstari wa mbele. Kando yake Ishita, wanagawana karanga.

Arjun alikwisha kuruka. Hakuangusha hata kimoja.

Kiunzi cha kwanza tulikivuka. Cha pili Meja akasimama ghafla kunusa maua yaliyopambwa chini yake. Mimi sikusimama. Nilijikuta nimekumbatia shingo yake, miguu hewani, watu wakiguna. Nikarudi kwenye tandiko kidogo kidogo. Bega la zamani likaanza kuuma kama la jana. Nikafikiria kuinua mkono niseme basi.

Nikatazama jukwaani. Waithera amesimama. Nikajua anakuja kunishusha mbele ya klabu nzima. Afadhali nianguke mwenyewe! Nikabana miguu, nikamgeuza Meja, tukaenda.

Tukakivuka. Cha tatu tukaangusha. Cha nne tukaangusha. Cha tano sikumbuki, nilifumba macho. Lakini tulimaliza, na nilimaliza nikiwa juu. Wa mwisho. Arjun wa kwanza, na alipiga makofi kuliko mtu yeyote.

Waithera alinisubiri langoni. Nilishuka vibaya nikamwambia, "Mama Wangui, nilikuwa nataka kukwambia."

"Miaka ishirini," akasema. "Miaka ishirini unakaa dukani ukitazama dirishani kama mtu amefungwa. Nilidhani ni biashara inakusumbua."

"Si ulinikataza."

"Mimi nilikukataza kuanguka, Baba Wangui. Kupanda sikukukataza."

Alinipangusa vumbi begani, lile bega, kisha akamgeukia Meja akampa karanga zilizobaki. Wote wawili walinitazama kwa macho yale yale.

Alhamisi, 31 Agosti

Nimemwapia Waithera. Siri basi, hila basi. Jambo lolote nitamwambia siku ile ile. Nimeapa mbele ya mchungaji, aliyekuwa na maswali yake. Na nilimaanisha kila neno.

Leo mchana Hannah amepiga simu. Meja anastaafu na anatafutiwa mahali penye nyasi. Nikakumbuka shamba letu la nyuma, pale Waithera alipopanda kabichi. Nikakubali kabla hajamaliza kusema. Analetwa Jumatatu.

Nitamwambia Waithera, bila shaka. Ila kabichi zinakaribia kuvunwa na sitaki kumharibia wiki. Jioni nguzo za banda zimeshushwa langoni akauliza ni za nini. Nikasema nataka kufuga ndama.

Akazipima kwa macho. Akauliza ni ndama gani huyo anayehitaji mlango mrefu kuliko wa nyumba yetu.

Nikamwambia ni wa kizungu.