Kuhusu Mkojo wa Mwanafunzi Wangu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali,

Mimi ni Népomuscène, prefe, yaani mwalimu msimamizi wa nidhamu, katika shule moja ya hapa mtaani Jabe. Naandika kwa heshima zote, na kwa hasira pia, kumlalamikia daktari wenu wa dharura, Raïssa.

Tulikuwa tukijiandaa kwa gwaride la Sikukuu ya Uhuru, na mwaka jana shule ya Kinindo ilitushinda. Vainqueur, mtoto wa miaka kumi, akakosea hatua. Nikamwamuru aruke kichura kuzunguka uwanja, juani, bila maji, maana maji hulegeza miguu, kila mtu anajua. Kesho yake mama yake akamkimbiza kwenu, eti mapaja yamevimba. Nikawafuata, nikayaona haya:

1. Mkojo ulitoka mweusi kama chai isiyo na maziwa. Nikaeleza kuwa ni uvivu unamtoka. Daktari akasema misuli inavunjika na taka zake zinaziba figo. Kwani misuli ni sahani?

2. Akambandika nyaya kifuani kuchungulia moyo. Paja na moyo, wapi na wapi! Eti misuli ikiharibika humwaga potasiamu kwenye damu, na moyo unaweza kusimama ghafla.

3. Kwa huruma yangu nilinunua dawa ya maumivu dukani kule mtaa wa Asiatique. Akaikataa, eti itamaliza figo. Badala yake ni serumu juu ya serumu, maji ya kutundikiwa mshipani, na muuguzi anapima mkojo chupani kama mama muuza mawese.

4. Hili limenichoma zaidi. Aliniacha mimi, mtu mzima mwenye tai, akamuuliza mtoto. Naye akajibu: "Mi niliruka kichura, Prefe alisema apana kunywa mayi." Daktari akaandika "adhabu" kuwa chanzo cha ugonjwa. Tangu lini nidhamu ikawa malaria?

Naomba daktari huyo ahamishwe, watoto wasiulizwe chochote, na mikojo ya wanafunzi wetu itangazwe kuwa siri ya shule.

Nisalimie wauguzi, wafagiaji na walinzi wa getini.

Wako katika nidhamu,
Népomuscène

N.B. Binti yangu Danielle naye yumo kwenye gwaride, na sikumpendelea: alipokosea, naye aliruka kichura bila maji. Tangu jana hakojoi kabisa, na sasa hivi ameshindwa kusimama. Barua hii naileta mwenyewe, nimembeba mgongoni. Tafadhali, Daktari Raïssa asiondoke. Amuulize mtoto chochote anachotaka. Naogopa.