Taa Mbele ya Uzio wa Bi Kuwabara

Jumatatu, 2 Septemba
Nimewaficha wote, hata binti yangu Chizuko: taa mpya ya uchochoroni niliiomba mimi. Niliiandikia ofisi ya kata kwamba wazee wanaanguka gizani. Uongo. Hakuna aliyeanguka. Jirani yangu, Bi Kuwabara, hukuza maua ya kiku. Mimi pia. Kila vuli, kwenye Tamasha la Utamaduni, yeye wa kwanza, mimi wa pili. Na kiku haifungi tumba mpaka usiku urefuke na uwe giza kweli. Sasa, taa ikiwaka mbele ya uzio wake, usiku wake umekwisha! Daktari ananiambia nisitarajie kuyaona maua ya masika. Basi ushindi ni vuli hii, au sina.

Leo ameisifu taa. “Sasa tutaona tunapokanyaga, Mwalimu!” Nikakohoa.

Alhamisi, 12 Septemba
Balaa. Taa inamulika hadi kwangu! Nimefundisha sayansi maisha yangu yote, na sikufikiri kwamba mwanga huvuka uzio. Kila magharibi sasa navifunika vyungu vyangu kwa mifuko meusi ya taka. Leo nimeanguka, chini ya taa yenyewe. Angalau barua yangu si uongo tena.

Chizuko kaja juu: nataka nife nimekumbatia chungu? Swali zuri.

Bi Kuwabara kauliza mifuko ni ya nini. Nikasema ndege. “Ndege gani wa usiku, Mwalimu? Siku hizi bundi wanakula kiku?” Akaniachia bakuli la boga la kuchemsha. Tamu. Inaudhi.

Jumanne, 8 Oktoba
Mabango ya tamasha yametundikwa hadi stesheni. Kiku za Bi Kuwabara zimerefuka kama askari wa gwaride, tumba hata moja hakuna. Zangu zimejaa!

Anajilaumu mwenyewe. Labda alichelewa kukata vikonyo, labda alikosea mbolea. Mwanawe anayeishi mji wa Chiba anamtaka ahamie makao ya wazee. Siku zote amemjibu kwamba maadamu mikono yake inaijua kiku, anaweza kuishi peke yake. Sasa hana hakika. Sentensi moja kutoka kwangu ingetosha. Nikanywa chai.

Jumapili, 27 Oktoba
Siwezi kusimama. Pumzi fupi, miguu imevimba. Nani atakipeleka chungu? Bi Kuwabara, bila kuombwa. Alisema ua halina kosa, lisiachwe nyumbani. Akalisukuma kwa kigari chake hadi uwanja wa hekalu, kwenye maonyesho ya tamasha, akalifungia pete ya waya chini ya petali, akazipanga petali moja moja kwa kibano. Kabla hajatoka nilimwonya asivunje hata moja. Ndiyo, nilithubutu!

Jumapili, 3 Novemba
Chizuko kanisukuma kwa kiti cha magurudumu. Maandiko ya brashi ukutani, watoto wakizitesa nyuzi za koto jukwaani, mimi nikitafuta utepe mwekundu wa mshindi. Wa kwanza: Tsubouchi, mstaafu wa posta, anayekuza kiku kwa mara ya kwanza! Wa pili: mimi. Nikaomba kurudishwa nyumbani.

Jioni Bi Kuwabara kaja kuaga. Nyumba itauzwa, mwanawe anamchukua kesho. Akakaa kando ya kitanda. Akasema mimi ni mwalimu, sitamdanganya ili kumfurahisha. Akaninyooshea mikono yake. “Kosa ni la hii, Mwalimu? Imezeeka?”

Nilikuwa na nafasi ya kuitaja taa. Chizuko alikuwa jikoni, hapakuwa na mwingine wa kusikia.

Nikamwambia ndiyo, ni mikono.

Akainama, akanishukuru kwa kusema kweli. Akaufunga mlango polepole ili baridi isinipige.

Nikangoja aibu ije. Haikuja. Nilifurahi. Nimemshinda.