Mzee Hapana na Mabano

"Raundi ya saba!" Redio alipaza sauti mlangoni pa kibanda chake cha kunyolea, mkasi mkononi, sikio bado liko kwenye spika. "Wameingia raundi ya saba na hawajaelewana!"

"Na hakuna aliyeanguka?" Kontena akauliza kutoka kwenye benchi. "Mabondia gani hao?"

"Ngumi nani kakwambia? Mazungumzo ya biashara, bwana! Biashara ya kimataifa. Nchi jirani zote zimekaa meza moja."

"Raundi saba bila mtu kwenda chini," Kontena alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Hapo refa kala hongo."

Benchi lenyewe lilikuwa kati ya kibanda cha Redio na chumba cha fundi cherehani, na birika la Mama Birika lilikaa upande wa kivuli, na yeye nyuma yake, kanga mabegani, macho kila mahali. Redio alikuwa kinyozi, na habari yoyote alikuwa anaisikia nusu, nusu iliyobaki anaitunga. Kontena alipakia malori kwenye maghala ya nyuma ya barabara. Akikaa benchini wengine wote walihamia upande mmoja bila kuambiwa. Na fundi cherehani, mwenye futi ya kupimia shingoni kuanzia asubuhi mpaka kulala, alikuwa Mzee Hapana.

Jina hilo hakulipewa kwa kuonewa. Ukimwambia shikamoo, anajibu, "Hapana, marahaba." Ukimuuliza kama atakunywa kahawa, anasema, "Hapana, nitilie." Mteja akitaja bei, hata iwe ya juu kuliko aliyoitaka mwenyewe, hapana kwanza, mengine baadaye.

"Hebu, wanagombania nini hasa?" Mama Birika akauliza.

"Shati."

"Shati la nani?"

"Ndiyo hilo wanalogombania, la nani! Sikiliza, Mama. Kitambaa kimetoka nchi moja, uzi umetoka nyingine, vifungo vimetoka huko kwa watu tusiowajua, halafu limeshonwa kwa jirani. Likivuka mpaka, lihesabiwe la nani? Likiwa la jirani, halilipi ushuru. Likiwa la mgeni, linalipa. Raundi saba, shati moja!"

"Hapana," Mzee Hapana alisema, sindano mdomoni, akiwa amekaa kizingitini kwake na suruali ya mtu magotini. "Hilo nalo la kubishania? Shati ni la aliyelishona. Kwisha."

"Mimi nasema la aliyelibeba," akasema Kontena.

"La atakayelifua," Mama Birika akamaliza, na watu wakacheka.

Redio akajitia ukubwa. "Mnacheka, lakini kuna watu wamesomea. Wataalamu wa sera za uchumi. Wataalamu wa ushirikiano wa mataifa. Mtu anakaa chuoni mpaka anaota mvi."

"Anasomea shati?"

"Shati, sukari, misumari, kila kinachovuka mpaka."

"Mimi nikipewa gunia lifike ghalani," Kontena alisema, akinyoosha mkono wake mnene kama mtu anayetoa ushahidi, "nikikaa nalo siku saba njiani, mwenye mzigo ananiita mwizi. Wao wanakaa na shati raundi saba, wanaitwa wataalamu!"

Mzee Hapana alitoa sindano mdomoni ili aseme vizuri. "Hapana, hiyo si kazi. Mtu mzima anavishwa jina lake shingoni, kama mtoto anayehofiwa kupotea. Anawekewa maji ya kichupa. Anasema 'asante mwenyekiti', anakunywa maji. Mwenzake naye 'asante mwenyekiti', anakunywa maji. Jioni wanajipanga mstari wanapigwa picha, na taarifa inatoka: mazungumzo yamefanyika katika hali ya kirafiki na uwazi."

"Ukisikia kirafiki na uwazi," Redio akafafanua, "ujue kuna mtu alikaribia kurusha kiti."

Walicheka tena, isipokuwa Mama Birika. Alikuwa anamtazama fundi kwa jicho la pembeni.

"Mzee mwenzangu, leo umeikamia kazi ya watu. Kwani si ndiyo hiyo aliyoipata binti yako?"

Kontena alishusha kikombe. Redio, ambaye alikuwa na mteja amenyolewa nusu kichwa, alisahau kabisa kwamba ana mteja.

"Hapana," alisema fundi. "Hajaipata. Ameitiwa. Kwenye sekretarieti ya hao hao wa shati. Ndege mbili mpaka ufike. Wanataka jibu leo, kabla ofisi hazijafungwa, na jibu langu analijua tangu wiki iliyopita."

"Hapana?"

"Hapana."

Ukweli ni kwamba Mzee Hapana hakuwa na ugomvi na biashara ya kimataifa. Ugomvi wake ulikuwa na nyumba. Tangu mke wake atangulie mbele ya haki, nyumba ilibaki na sauti mbili, na hizo mbili zilikuwa zinabishana kila jioni: kama chumvi imezidi, kama mvua itanyesha, kama kitasa cha mlango wa nyuma kinafungwa kwa kuvuta au kwa kusukuma. Binti alianza kumbishia kabla hajaota meno yote. Kila alipofikiria jioni ile ya kwanza, yeye na kitasa, alijiuliza swali moja. Mtu atabishana na ukuta? Alikuwa anaogopa, basi, na mtu anayeitwa Hapana hawezi kuja kijiweni kusema anaogopa.

"Shikamooni."

Alikuwa ni binti mwenyewe, anatokea kwenye ofisi ya wakala wa forodha alikokuwa anafanya kibarua, viatu vya kisigino mkononi na ndala miguuni.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Mama Birika.

"Hapana, marahaba," alijibu baba yake.

"Mwenyekiti amefika!" Redio alimpisha kwenye benchi. "Hebu tuambie, mama. Watu wazima wanaingiaje raundi ya saba bila kuelewana, wala wasipigane?"

Binti alicheka. "Kwa mabano."

"Kwa kitu gani?"

"Mabano, mjomba. Hizi alama mbili." Akachora hewani kwa vidole. "Mkataba unaandikwa kifungu kwa kifungu. Kile mnachokubaliana kinaandikwa kawaida. Msichokubaliana hamkipigii kelele mpaka usiku, mnakitia ndani ya mabano, mnaendelea na kinachofuata. Mkimaliza ndiyo mnarudi kwenye mabano, moja moja. Wakati mwingine mnakuta yamebaki mawili tu, na mmeshachoka kununiana."

Kontena alikaa akilitafakari hilo jambo. Lilimwingia. "Kwa hiyo Redio akikataa kwamba ameninyoa upande..."

"Sijakunyoa upande! Kichwa chako ndicho kimekaa upande!"

"Mabano," alisema Mama Birika.

Wote wawili wakanyamaza, wakatazamana, wakashangaa kwamba wamenyamaza. Ugomvi huo ulikuwa na umri wa miezi.

"Lo! Kitu hiki kina nguvu," Redio alisema. Na kwa kuwa Redio hakuweza kuona moto bila kuupuliza, akavuta kigoda katikati, akakigonga kwa mkasi. "Basi kikao kimefunguliwa! Raundi ya kwanza, Mzee Hapana na binti yake. Mimi mwenyekiti."

"Hapana," alisema fundi.

"Hapana yako imepokelewa. Kifungu cha kwanza: binti aende kazini kwake huko. Mzee?"

"Hapana!"

"Kinatiwa mabano. Tunasonga. Kifungu cha pili: binti, akiwa huko, atampigia baba yake simu kila jioni."

"Hapana. Jioni peke yake haitoshi. Na asubuhi. Nitajuaje kama ameamka?"

"Asubuhi na jioni," alisema binti, sura kavu kabisa. "Nakubali."

"Kimepita! Cha tatu: mwisho wa mwaka atarudi nyumbani."

"Hapana. Mwisho wa mwaka kuna msongamano. Arudi katikati pia."

"Kimepita. Cha nne," Kontena akadakia, maana na yeye utamu ulimkolea, "akipata mchumba huko, kijana aletwe hapa benchini tumtazame sura."

"Hapana, sura ya nini? Aletwe nimtazame mikono. Mtu mvivu hujulikana mikononi."

"Mikono imepita!"

"Na asile vyakula vya kwenye makopo," Mzee Hapana aliendelea, sasa amesimama, suruali ya mteja imeanguka chini na hana habari nayo. "Na chumba chake kiwe juu, si chini, chini wezi wanapita dirishani. Na hao wa mashati wasimweke mpaka usiku kwa ajili ya kifungo!"

"Vyote nimekubali, baba," alisema binti. Kisha polepole, akijizuia kucheka: "Umeweka masharti yote ya safari ambayo umeikataa."

Kontena ndiye aliyepasuka kwanza. Benchi likatikisika. Mteja wa Redio, kichwa nusu, alitokeza mlangoni kuuliza kuna nini, na alipoambiwa akacheka na yeye. Mama Birika alijifuta machozi kwa upindo wa kanga.

Lakini Mzee Hapana hakucheka. Masikio yalipata moto. "Mmenitega," alisema. "Mmenikalisha hapa mkanifunga kama gunia." Akaingia chumbani kwake, akakaa kwenye cherehani, akaanza kupiga pedeli.

Kicheko kikakatika. Kila mtu pale aliijua sauti ya cherehani ile, na kila mtu alisikia kwamba inashona bure. Hapakuwa na kitambaa chini ya sindano wala uzi juu yake.

"Tumezidisha," Kontena alisema kwa sauti ndogo, ndogo kwa Kontena.

"Niacheni naye," alisema binti. Akavua ndala mlangoni kama alivyofundishwa, akaingia, akasimama karibu na meza ya kukatia.

Baba hakumtazama. Miguu ilikuwa inaenda. Alijua anachofanya ni cha kitoto, na alijua binti anajua, na hilo lilimfanya akanyage kwa nguvu zaidi.

"Baba."

Pedeli.

"Nani atakubishia kuhusu kitasa, siyo?"

Pedeli ikasita, ikaenda tena, lakini taratibu. Mzee Hapana alijiona amevuliwa nguo mbele za watu, ingawa aliyekuwa mbele yake ni mmoja tu, tena wa kumzaa mwenyewe.

"Kinafungwa kwa kuvuta," alisema hatimaye.

"Kwa kusukuma, baba. Tangu enzi za mama." Akavuta pumzi. "Basi. Nimekuelewa. Mimi nimekulia kwenye ubishi wako, na kila ninachokijua cha kukaa meza moja na watu nimekitoa hapa, si chuoni. Kama kwenda kwangu ni kukuacha unashona bila uzi, shati lao wataligombania wenyewe. Nawaandikia sasa hivi." Akatoa simu mfukoni. "Siendi."

"Hapana!"

Neno lilitoka kabla hajaliita. Lilitoka lenyewe, kama lilivyozoea maisha yake yote, likagonga ukuta, likatoka mlangoni, likafika benchini. Mzee Hapana alilisikia likienda. Angeweza kulikimbilia. Angeweza kusema hapana ya hapana. Alifungua mdomo, akamtazama yule mtoto aliyesimama peku kwenye vipande vya vitambaa, simu mkononi, akaona kwamba hilo neno, kwa mara ya kwanza tangu aanze kulitumia, limesema kile hasa alichotaka kusema.

"Hapana," alirudia, safari hii taratibu. "Usiandike hivyo. Waandikie unakwenda."

Nje Mama Birika alipiga kigelegele mpaka birika likajibu.

Fundi aliinuka, akavua futi shingoni, akapangusa pua kwa nyuma ya mkono na kusingizia vumbi la vitambaa. "Simama hapa nikupime. Huko hutaenda na koti la kununua, mabega yote yamekaa kushoto. Na lebo nitaishonea ndani, mimi mwenyewe. Wakianza ubishi wao wa shati la nani, wewe uwafunulie koti, uwaambie la aliyelishona."

Binti alinyanyua mikono, kama alivyokuwa akiinyanyua tangu sare yake ya kwanza ya shule. Baba akapitisha futi kifuani, akasoma, na akiwa bado ameinama hivyo hivyo, ili binti asiuone uso wake, akamuuliza kwa sauti ya chini:

"Hebu niambie kweli. Ulikuwa umekubali kubaki, au umenichezea?"

"Hiyo, baba," alisema binti, "tuitie mabano."

Nje, Redio alikuwa ameshapanda juu ya kigoda, mkasi mbele ya mdomo badala ya kipaza sauti. "Habari zilizotufikia hivi punde! Mazungumzo yamefanyika katika hali ya kirafiki na uwazi, na hakuna aliyeanguka!"

"Mwongo wewe," alisema Kontena, akijinyanyua kurudi ghalani, na benchi likanyanyuka naye. "Mzee Hapana kaanguka. Raundi ya kwanza, tena kajipiga mwenyewe."