Paa Langu na Zepelini

Recife, Jumamosi, 17 Mei 1930

Mvua kutwa. Mteja hata mmoja hakuja dukani kwangu! Belarmino, mwenye duka la dawa la ng'ambo ya barabara, ameweka tangazo lake ndani ya tramu zote za mtaa huu. Lina vina. Hata mke wangu Zulmira analiimba huku akishona, bila kujua. Nikamwomba anyamaze. Akajibu kwamba katika nyumba hii ameshanyamazia mengi.

Nina dawa ya nywele, Samsoni. Nimeitunga mwenyewe. Inazishinda takataka zote za Belarmino, ila haijulikani. Gazeti linasema bei ya kahawa imeanguka, ya sukari imeanguka, na matajiri wa New York bado hawajainuka. Kila kitu kinaanguka, nywele pia. Huu ndio wakati wangu.

Gazeti hilohilo linasema kuna mzee huko India aliyetembea hadi baharini kuokota chumvi, na sasa dunia nzima inamzungumzia. Hakulipia tangazo hata moja! Nimeikata habari hiyo nikaibandika juu ya kitanda.

Jumatatu, 19 Mei

Nimepata! Zepelini, ile meli ya angani ya Wajerumani, inafika Alhamisi. Itapita juu ya mji wetu. Belarmino amekodi bendi ya tarumbeta ipige mlangoni pake siku hiyo. Mjinga. Nani atatazama mlango? Mimi nitachora tangazo kwenye paa.

Zulmira akauliza walio chini wataonaje juu ya paa. Nikamweleza taratibu kwamba simtangazii wa chini. Walio ndani ya chombo ni matajiri, tena watu wazima, na matajiri watu wazima wana vipara. Akauliza wangapi kati yao wanasoma Kireno. Swali la uchokozi! Lakini nililichukua. Sitaandika neno hata moja. Nitachora vichwa viwili: kimoja kipara, kingine kimejaa nywele, na chupa katikati. Hata Mjerumani ataelewa.

Kikwazo ni gauni. Huu ni mwezi wa Maria, mabinti wote wanaolewa, na kusema kweli magauni ya Zulmira ndiyo yanayotulisha. Sasa anashona la binti wa Belarmino. Harusi ni Jumamosi. Gauni limevikwa kwenye sanamu ya kushonea katika chumba cha nyuma, chini ya paa langu.

Zulmira aliweka sindano chini. Akasema polepole, "Sikiliza, Eutímio. Tone moja likiangukia gauni hili, nabeba cherehani yangu nakwenda kwa dada yangu huko Olinda. Na sirudi."

Ameshawahi kusema hivyo mara nyingi. Polepole, hajawahi.

Jumatano, 21 Mei

Vichwa tayari. Chokaa kwa ngozi, lami kwa nywele. Kipara kimetoka vizuri sana, hata kinafanana nami kidogo. (Natumia Samsoni tangu Krismasi. Bado inajipanga. Kwa sasa navaa kofia.)

Vigae kadhaa vilivunjika chini ya magoti yangu. Nimeziba matundu kwa lebo za Samsoni, ninazo tele. Jioni mvua ikanyesha, chokaa yote ikateremka hadi kwenye bustani ya jirani. Nikapanda tena nikapaka upya. Zulmira amelifunika gauni kwa shuka mbili na hajanisemesha tangu chakula cha mchana. Nikamletea keki ya muhogo, ile anayoipenda. Akaila yote. Akanirudishia sahani.

Alhamisi, 22 Mei



Mtaa ulifurika tangu adhuhuri. Bendi ya Belarmino ilipiga mpaka midomo ikavimba. Saa tisa, Zepelini hakuna. Saa kumi, hakuna. Jua likazama. Nani angefikiria kwamba Wajerumani wangechelewa! Paa langu likawa jeusi kama mapaa mengine yote.

Ningefanya nini? Nikajaza matambara kwenye makopo, nikamwagia mafuta ya taa, nikayapanga kuzunguka vichwa vyangu, nikawasha. Kipara kikang'aa! Ikang'aa na lebo moja, kisha zikang'aa zote.

Mtu akapiga kelele kwamba duka linaungua. Wazimamoto walikuwa pale pale kona, nao wamekuja kutazama angani. Hawakuuliza kitu. Mpira wa maji ukafunguliwa. Maji yakazima makopo, yakafuta vichwa, yakapita kwenye matundu kwa nguvu zote hadi chumba cha nyuma. Mimi yakanipiga kifuani na kofia ikaruka.

Mtaa mzima ukaacha kutazama mawingu ukanitazama mimi, bila kofia, nikiwa nimeng'ang'ania chupa ya Samsoni. Belarmino, mwenye nywele kama brashi ya viatu ingawa hajawahi kuzipaka chochote, akauliza kwa sauti ya upole, "Bwana Eutímio, kichwa cha kwanza tumekiona. Cha pili kiko wapi?"

Walicheka hata wazimamoto. Na ndipo Zepelini ikapita, mataa yote yamewashwa, nzuri ajabu. Wanasema. Mimi nilikuwa nikitafuta ngazi.

Nilimkuta Zulmira barabarani, nywele zimemganda usoni. Alikuwa amelikimbiza gauni ng'ambo, nyumbani kwa Belarmino. Nikamwambia, kwa furaha ya kweli, kwamba basi hakuna tone lililoliangukia.

Akasema, "Gauni ni kavu. Mimi ndiye nimelowa."

Akapakia cherehani kwenye mkokoteni.

Ijumaa, 23 Mei

Nyumba kimya. Sikujua kwamba usingizi wangu wa mchana ulitegemea ile cherehani. Nimejaribu kulala, nikashindwa. Nimekula mkate mkavu. Nimeibandua habari ya yule mzee wa chumvi. Naona aibu, na namtaka mke wangu. Hayo tu.

Jumapili, 25 Mei. Olinda

Naandika nikiwa barazani kwa shemeji Eulina.

Nimekuja na maua, ndoo nzima. Zulmira hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nikamwambia bila yeye mimi ni duka lisilo na mlango. Akasema mlango ninao, paa ndilo sina. Lakini alisema huku akicheka, na mimi nikalia kweli kweli! Akataka niape mbele ya sanamu ya Mtakatifu Antonio kwamba sitapanda tena paa letu maisha yangu yote. Nimeapa, kwa moyo wote. Jumanne tunarudi pamoja. Leo nimeruhusiwa kulala hapa.

Magazeti yanasema Zepelini inarudi kutoka Rio kesho. Safari hii, huenda mchana.

Nyumba ya shemeji iko juu kabisa kilimani. Paa pana, halina mti wa kulikinga, na kiapo hakikulitaja. Nimeyatoa maua ndooni nikayatia kwenye jagi. Chokaa niliyoificha chini yake haikumwagika hata kidogo.

Ndani cherehani inalia. Muziki mtamu kuliko wote duniani. Ngazi iko nyuma ya banda la kuku.