Mtoto Amefika Kabla ya Klachi

Kwa Meneja,
Duka la Vipuri vya Pikipiki.

Ndugu Meneja,

YAH: KLACHI AMBAYO BADO IKO NJIANI

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umeketi kwenye kile kiti chako kinachozunguka. Mimi ni mume wa mkunga, yule mzee unayemwita "mteja wetu wa kudumu" kila anapochungulia mlangoni. Pikipiki ndiyo inayompeleka mke wangu kwa akina mama wanaojifungua, na dereva wake ni mimi. Klachi ilipokufa niliagiza nyingine kwako. Ukaniambia, "Mzee wangu, hesabu umeshaipata." Nimehesabu hadi nimechoka. Kwa heshima na taadhima, nawasilisha malalamiko yangu:

1. Kila nikiuliza naambiwa meli iko njiani. Sikatai. Ila meli hiyo ilipigwa na dhoruba, ikangoja zamu bandarini, ikapakua, kisha wiki iliyofuata ikapigwa na dhoruba tena. Naomba kuelimishwa: huwa inatembea kinyumenyume?

2. Mlipoona nanung'unika mlinipa kioo cha kutazamia nyuma, eti cha kunituliza. Nashukuru. Kwa kuwa mbele siendi, angalau naona vizuri nilikotoka.

3. Fundi wetu, tunayemwita Daktari kwa sababu wagonjwa wake hulazwa muda mrefu, alinishauri niazime klachi ya muuza maziwa. Kumbe muuza maziwa naye anatumia cheni ya kinyozi, na kinyozi anatumia plagi ya shemeji yangu. Wote wanaisubiri meli yako. Sasa mtaa wetu una pikipiki nne zenye uhai mmoja. Kila Jumapili tunakaa kikao kuamua nani atatembea kwa miguu. Kikao kilichopita kinyozi na shemeji walikunjana mashati, na mwenyekiti wetu, mama mkwe wangu, akawafukuza wote wawili kwa ufagio.

4. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Juzi mke wa kinyozi alishikwa na uchungu. Klachi ilikuwa kwa muuza maziwa, na muuza maziwa alikuwa safarini. Nilimpakia mke wangu kwenye toroli, mkoba wake mapajani, nikasukuma kilima kizima huku natweta. "Kaza mwendo, baba! Mtoto hangoji meli!" alinipigia kelele. Tulikuta mtoto keshatoka, amelegea, rangi si yake. Mke wangu alipiga magoti sakafuni bila hata kuvua viatu, akamsugua mgongo, akamsugua tena. Kisha mtoto akalia. Kinyozi alilia kumshinda.

Baadaye nilipotulia nilipiga hesabu. Ndugu Meneja, mimba ya mtoto yule iliingia baada ya mimi kuagiza klachi. Hakupitia bandari yoyote, hakuna karani aliyemgongea muhuri, na amefika. Kwa hiyo napendekeza bohari yenu ifungwe na maagizo yote ya vipuri wakabidhiwe wajawazito. Wewe usifukuzwe kazi. Uhamishiwe chumba cha kujifungulia, uwe unawaambia wenye uchungu kwamba mtoto yuko njiani, wahesabu wameshampata. Nitakuja mwenyewe kukuchukua nikusikilize ukisema hivyo mbele ya mke wangu. Usafiri ninao, ni toroli.

Nisalimie wahudumu wote wa dukani, hasa yule binti wa kaunta anayejificha chini ya meza akiniona. Mwambie aangalie mgongo wake, bado ni kijana. Wasalimie pia nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi, ninayekutakia afya njema na meli yenye injini,

Mume wa Mkunga.

N.B. Nimesikia mnatafuta wakala wa kupokea maagizo mtaani kwetu. Naomba nafasi hiyo. Sihitaji mafunzo. Jana kinyozi, mtoto begani, aliniuliza habari za cheni mpya. Nikamwambia awe na subira kidogo, bandarini kuna foleni. Alinishukuru sana.