Asilimia Moja Mliyoniachia Mikononi

Kwa Meneja,
Kiwanda cha Sabuni ya Dawa (ile nyekundu, yenye picha ya ngao).

Ndugu Meneja,

Kuhusu: Kuwaomba mje kuchukua vijidudu vyenu

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mikono yako ikiwa haina kesi. Yangu inayo, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mimi ni fundi wa magari, mwaka wa thelathini na moja sasa. Wiki tatu zilizopita binti yangu alijifungua mtoto wa kike, mjukuu wetu wa kwanza, akaja kukaa kwetu mpaka apate nguvu. Binti huyu ni mpimaji wa maabara. Siku ya kwanza tu alisimama mlangoni akatangaza kwamba hakuna atakayemshika mtoto kabla mikono yake haijapimwa. Alikuja na visahani vyenye kitu kama jeli iliyoganda. Unanawa, unabonyeza vidole vyako pale, anafunika, anaweka mahali penye joto siku mbili, halafu mnaangalia kilichoota.

Mke wangu alinawa kwa kipande cha sabuni ya kufulia, kile cha bluu kinachobaki kwenye beseni. Mimi, kwa heshima ya mjukuu, nilikwenda dukani nikanunua sabuni yenu, kwa kuwa mmeandika kwenye karatasi yake kwamba inaua asilimia tisini na tisa ya vijidudu. Siku mbili baadaye kisahani cha mke wangu kilikuwa na vitone vinne. Changu kilikuwa kama mkate uliosahauliwa kabatini.

Tukarudia. Mkate. Tukarudia tena. Mkate, na safari hii ulikuwa na rangi ya njano. Leo ni siku ya ishirini na moja na sijamgusa mtoto hata kwa ncha ya kidole. Bibi yake anampakata asubuhi, mchana na jioni, nami nasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita. Nimejikaza kisabuni vya kutosha. Sasa nasema.

1. Hesabu yenu. Mmeua tisini na tisa, sawa, hongereni. Hiyo moja mlimwachia nani? Mimi nikifunga gurudumu nikaacha nati moja mezani, halafu nikamwambia mwenye gari kazi imekwisha kwa asilimia themanini, atanipa mkono wa shukrani au atanikaba shati? Katika ufundi wetu hakuna asilimia. Gari linawaka au haliwaki.

2. Mmenidhalilisha mbele ya familia yangu. Binti anasema sabuni ya kawaida haihitaji kuua chochote: inabandua uchafu na vijidudu kwenye ngozi, maji yanavibeba, vinaondoka na mfereji. Anasema na yenu inafanya hivyohivyo, kwani hiyo dawa haipati muda wa maana mkononi kabla haijasuuzwa. Kwa maneno mengine, yenu na kile kipande cha bluu ni ndugu, tofauti ni nguo. Nilibishana naye mpaka chakula kikapoa. Nikamwambia haiwezekani, hawa watu wameweka ngao! Alicheka. Mke wangu alicheka mpaka akamkabidhi mtoto kwa mama yake ili acheke vizuri.

3. Tabia ya hivyo vilivyobaki. Fikiria mwenyewe. Kama wenzake tisini na tisa wamekufa, yule aliyesalia si kijidudu tena, ni komando. Nami kwa wiki tatu nimenawa kwa sabuni yenu mara kumi na tano kwa siku. Maana yake nimekuwa nikiendesha chuo cha makomando kwenye viganja vyangu bila kibali na bila mshahara. Na binti ameongeza chumvi kwenye kidonda: anasema vijidudu vingi vya ngozi ni wakazi halali, havina ubaya wowote, tunaishi navyo tangu utotoni. Kwa hiyo mmewaondoa wapangaji wangu wapole na kuniachia wahuni?

4. Umiliki. Kwa kuwa vijidudu vilivyo mikononi mwangu vimepita kwenye mtihani wenu na kufaulu, hivyo ni bidhaa za kiwanda chenu. Naomba mlete gari mje mvichukue. Mkishindwa, nitumieni cheti chenye muhuri kwamba mikono ya fundi huyu ni safi, maana binti yangu anaheshimu sana mihuri. Mkishindwa na hilo pia, njoo wewe mwenyewe, Meneja, ukae sebuleni kwangu, unawe kwa sabuni yako, ubonyeze kisahani mbele ya mashahidi. Kikiota mkate, tutasimama wote wawili mlangoni. Nafasi ipo.

5. Hili sikulipangia maneno. Juzi mtoto alitabasamu. Binti anasema bado ni mdogo, ile ni gesi tu. Gesi au si gesi, alitabasamu akiwa mikononi mwa mwingine, na mimi niko hatua nne. Inaniuma, Meneja. Mikono hii imeshusha injini nzima bila kuiangusha, halafu inashindwa kuaminiwa na kitoto cha kilo tatu na nusu.

Nasubiri majibu yako au gari lako, lolote litakalotangulia. Nisalimie wapakiaji, mlinzi wa getini, mpishi wa hapo kiwandani, na hasa yule aliyechora ngao. Mwambie tutaonana.

Ni mimi,
Babu wa mlangoni.

Nyongeza: Barua ilikuwa tayari kwenye bahasha pale binti aliponifuata bafuni aone ninavyonawa. Nikalowesha, nikapaka, nikahesabu mbili, nikasuuza. Kusugua sikusugua, kwani dawa si inaua yenyewe? Kisha nikajifuta kwa tambara langu la gereji linalokaa mfuko wa nyuma. Alilinyanyua kwa ncha za vidole viwili. Akauliza lilifuliwa lini. Nikamjibu ukweli, kwamba ni tambara la kazi, halifuliwi. Hakunigombeza. Alichukua kile kipande cha bluu, akashika mikono yangu kama mimi ndiye mtoto, akasugua viganja, kati ya vidole, mpaka ndani ya kucha, akasuuza, akanifuta kwa taulo safi. Siku mbili zimepita. Vitone vitatu! Nimemshinda bibi.

Kwa hiyo yote ya juu yafute. Samahani kwa mwandiko huu wa chini, naandika kwa mkono mmoja. Mwingine umempakata mtoto, na ameshanikojolea mpaka kwenye kiwiko. Wananiita nikanawe. Siendi.